Kichwa Magotini kwa Mama

Juzi, tulipomaliza kumzika mama, nilipewa chanuo lake la mti, lile lililokatika meno mawili. Nikalinusa. Mwenzangu, harufu ya samli bado imo! Papo hapo nikawa mtoto tena, kijijini kwetu upande wa Ikungi, miaka ile tumehamia kijiji cha ujamaa, nyumba zimepangwa mstari kama wanafunzi kwenye paredi.

Kila Jumapili mama alinisuka. Nilikaa chini, kichwa kimebanwa magotini kwake, nikitazama mawingu, kuku wakidonoa mtama miguuni pangu. Maneno magumu ya nyumbani kwetu yalisemwa hapo. Huwezi kukimbia, wala uso wa anayesema huuoni.

Jumapili moja nilikaa pale na siri. Nilikuwa nimemkuta kaka nyuma ya zizi la mbuzi anavuta bangi. "Ukisema, mimi si kaka yako tena," aliniambia. Na kaka huyo ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni tukienda kisimani.

Mama akasuka mistari miwili, kisha akasema, kama anaongea na kuku, "Mimi niliwahi kuvuta bangi."

Nikataka kugeuka.

"Tulia, mstari utapinda!"

Alikuwa msichana, anachunga. Wenzake walimwambia inaondoa njaa. Alicheka, akasinzia, akaamka mbuzi hawapo. "Nilimwogopa baba yangu kuliko fisi. Nikajificha porini siku mbili, naye baba ananiita mpaka sauti ikamkauka. Ningekuwa na mtu wa kumwambia, ningerudi siku ileile."

Machozi yakanitoka. "Mama, kaka..."

"Sema polepole."

Nikasema yote. Hakupiga kelele. Alimaliza kunisuka, akachukua wembe, akamwita kaka aje kunyolewa.

"Mama, si umeninyoa juzi?"

"Kaa."

Akakaa. Mimi nikatumwa maji. Niliporudi, kaka alikuwa na upara unaong'aa na macho mekundu. Akanipokea mtungi. "Mmbeya we," akasema, akinifinya shavu. "Na hizo nywele zimepinda."

Siku hizi nyumba za mstari zimebomoka, zizi limekuwa shamba la alizeti, na watoto wetu husukwa na kunyolewa na watu baki. Lakini juzi, kwa ajili ya msiba, kaka alikaa mbele yangu nimnyoe. Wembe ulipofika kisogoni, akasema bila kugeuka, "Mdogo wangu, kijana wangu ameanza kuvuta. Sijui nimwambieje."

"Nywele zake ndefu?"

"Ndefu."

Nikaufuta wembe, nikamkabidhi.