Jina la Baba Mkwe

Mimi niliishia darasa la saba, na mambo ya kanisa naweza kuyaandika nikakosea. Lakini hili nililiona, maana lilitokea nyumbani kwangu, Kisondela.

Mume wangu ni mzee wa kanisa. Nimtendee haki: halewi, hajawahi kunipiga, na watoto wote amewasomesha kwa chai na parachichi. Anachoamini ni kwamba nyumba ya Mkristo ina kichwa kimoja, na mila za giza ziishie mlangoni.

Mke wa mwanetu alilelewa na bibi yake kule Isongole, akalelewa kimila hasa. Kwetu mwanamke aliyeolewa humwogopa baba mkwe: hamtazami usoni, hali naye, na jina lake halitaji mpaka kufa. Akimwona njiani, anaingia migombani mpaka apite. Na mimi nilifanya hivyo nilipoolewa. Mume wangu alisema hayo ni mapepo. "Katika Kristo wewe ni binti yangu," aliuambia mgongo wa mkwe, kwa sababu uso haukuonekana.

Mjukuu alipozaliwa, mume wangu akaamua apewe jina lake yeye. Hilo si kosa, babu hurithiwa. Ila mama humwita mwanawe huyo "babu" tu maisha yake yote. Sasa kanisani kwetu, siku ya ubatizo, mama ndiye hulitaja jina mbele ya madhabahu, baba husimama tu.

Mchungaji akauliza, "Mtoto huyu aitwe nani?" Mkwe wangu akatazama sakafu. Akaulizwa tena. Akina mama wa kwaya wakaanza kucheka, na mmoja akanong'ona, tukasikia wote, kwamba labda mtoto bado anatafutiwa baba. Mume wangu akasimama, akamwambia mchungaji aendelee na wengine. Mtoto akarudi nyumbani bila maji.

Nyumbani mume wangu alitoa hukumu kwa upole, Biblia magotini. Ubatizo ujao jina litatajwa. Lisipotajwa, mama arudi Isongole na mtoto abaki, kwa kuwa mtoto ni wa ukoo. Mtoto alikuwa bado ananyonya. Nilimtazama mwanangu aseme neno. Akasema, "Baba ameshasema, mama," akawasha pikipiki akaenda Tukuyu.

Ikawa kila ibada ya jioni mkwe anafanyishwa mazoezi. Anaulizwa mtoto anaitwa nani, ananyamaza, anaambiwa akale jikoni. Huko jikoni nilimshauri alitaje tu, Mungu anaujua moyo wake. Akaniuliza, "Mama, wewe ungelitaja la mkwe wako?" Nikasukuma kuni motoni. Mpaka leo sijui kama nilipaswa kuwa na jibu.

Siku ya ubatizo mchungaji hakumaliza hata swali. Mkwe wangu alilitaja. Kwa sauti, na la ukoo juu yake, huku akimtazama mume wangu usoni. Kwaya ikapiga vigelegele. Mume wangu alilia, akasema Bwana ameshinda.

Labda ameshinda. Ila mkwe wangu hajaacha kulitaja. Mtoto sasa anatembea, ni mtundu, na mama yake humwita uani wachumaji wa chai wakipita. Anaanza na jina kamili, ambalo mimi siliandiki, ni la mume wangu. Kisha: "Umejinyea tena, mzee mzima? Huoni aibu? Njoo nikutawaze." Wachumaji wanacheka. Mimi sikucheka. Nadhani sikucheka.

Mume wangu alimtuma mwanetu akamkanye mkewe. Akarudi na jibu la mkewe, kwamba yeye anamrudi mtoto wake, kama Mithali inavyotaka. Tena aliuliza: au kuna mila inayomkataza?

Juzi nilikuwa nafagia nikamwona mume wangu anatoka shambani. Mkwe alikuwa anakuja njia hiyohiyo, mtoto mgongoni, kichwa juu. Mume wangu akaingia migombani, akasimama humo mpaka wakapita.

Nilipomwuliza, alisema alikuwa anaangalia mikungu. Inawezekana. Ilikuwa imekomaa.