Siku Ulipoletwa

Fundi cherehani hakumwamini mtu, wala hakuona haya kusema hivyo. Mteja akidai amepungua, alimpima. Akiapa hajanenepa, alimpima mara mbili. Basi alipotokea mwanamume mwenye mvi na begi moja, akasema yeye ndiye kaka yake aliyepotea tangu ujana, mama yao asiyeona alimpapasa uso akalia kwa furaha. Fundi hakulia. Mji umejaa matapeli, na kikongwe asiyeona ni chambo kizuri.

Akajidai anamshonea shati ili ampime. Mabega hayakumwambia kitu. Akawauliza wasomi wa nyumbani. Mkwewe, wakili, akasema mtu ni jina na nyaraka zake, na huyu nyaraka hana. Mpangaji, mwalimu wa hesabu, akakuna kidevu: vitu viwili ni kimoja ukiweza kuweka hiki mahali pa kile na jibu lisibadilike. Fundi akamwambia anywe chai yake anyamaze.

Jioni akamtega mgeni. "Haya, bwana, unanikumbuka nilipokuwa mdogo?"

"Sana, dada. Nakumbuka siku ulipoletwa, umelia mpaka sauti imekauka."

Ulipoletwa! Fundi nusura apige vigelegele. Yeye alizaliwa nyumba hii hii, hilo kila mtu analijua. Kaka wa kweli angesema ulipozaliwa. Mgeni akashtuka, akainamisha kichwa, akadai ulimi umeteleza, na hapo ndipo shaka ya fundi ilipopanda moto kabisa.

Binti yake alikuwa mpimaji wa maabara. "Kwetu sisi, mama, mtu ni damu yake. Ila nikipima, nawapima wote: bibi, yeye na wewe."

"Hata mara kumi!"

Majibu yalipotoka, binti alikuja akakaa kwenye kiti cha wateja bila kuvua mkoba.

"Mjomba ni mtoto wa bibi."

"Ehe?"

"Wewe si wake, mama."

Fundi alisimamisha cherehani. Aliogopa kama ambavyo hajawahi kuogopa, na aibu ikamshika juu ya hofu. Akamgeukia mgeni aliyekuwa mlangoni. "Ulijua."

"Nilijua. Mama aliniambia nikilitamka lile neno mbele yako nitakula fimbo. Nimekaa mbali mno, nikasahau. Nisamehe, dada."

"Usiniite dada."

"Nikuite nani sasa?"

Maisha yake yote fundi alikuwa akiwahoji wengine.

"Mwanangu!" mama akaita kutoka chumbani.

Kaka akaenda. Fundi akabaki ameketi, miguu yake haijui kama imeitwa. Mara kaka akarudi, amesimama kama mtoto aliyefukuzwa.

"Hanitaki mimi," akasema. "Anamtaka yule anayejua panapomwasha mgongoni."