Utepe wa Zambarau kwa Mpiga Tarumbeta

Juzi nilikuwa kwa fundi wa fremu pale Thika nikingoja picha yangu, mwanaume mmoja akaingia na santuri ya jazi ya zamani. Alitaka jalada lake litiwe fremu alitundike sebuleni. Lilikuwa na picha ya mpiga tarumbeta aliyevaa suti, amefumba macho.

Fundi, ambaye kazi yake nyingi ni picha za matanga, hakuuliza maswali. Alipomaliza, akafunga utepe wa zambarau kwenye kona.

"Toa hiyo!" mwenye santuri akafoka. "Hii si ya mazishi!"

"Kwani yuko hai?"

Mteja akakuna kichwa. "Hapana, alikufa kitambo."

"Basi utepe ubaki."

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu akamshika mteja mkono. "Woiye, pole sana. Alikuwa anapigia kanisa gani hiyo tarumbeta?"

"Hakuwa wa kanisa, mama. Alikuwa anapiga kwa kilabu."

"Ngai! Basi tumwombee sana."

Akafumba macho kama yule wa kwenye picha. Mwenye santuri akanitazama, kisha akavua kofia.

Wajuaji husema jazi ilikufa zamani. Kama ni kweli, sisi wa Thika tumeizika kwa heshima.