Kwenda Johannesburg Kuomba Ruhusa ya Kutibu

Mwaka 2017 niliondoka Mbeya kwenda kuomba ruhusa ya kufanya kazi niliyokuwa naifanya kila siku. Hata mume wangu hakunielewa mara moja. Mimi ni muuguzi mwenye leseni. Kwenye kituo chetu cha afya tabibu alikuwa mmoja, na semina zilimpenda kuliko sisi. Akiwa semina, napima mimi, natoa dawa mimi, na mgonjwa akishukuru namwambia amshukuru daktari. Ndivyo tulivyolelewa chuoni: muuguzi hatamki ugonjwa. Anasema "subiri daktari", kisha anaendelea na kazi.

Kwetu, muuguzi akitaka kutibu kwa haki yake, ilibidi aanze upya chuo cha utabibu, akae dawati moja na vijana waliomaliza kidato cha nne juzi. Au asome shahada, aongeze na nyingine, mwisho apewe ofisi yenye pazia na asimguse mgonjwa tena. Ndipo nikasikia kwamba Afrika Kusini muuguzi mwenye uzoefu anasoma mwaka mmoja kupima, kutambua ugonjwa na kuandika dawa, na anatoka akiwa bado muuguzi, ila sasa mwenye mamlaka. Nikaomba, nikaitwa kwenye usaili wa vitendo. Nafasi za wageni zilikuwa chache mno, na mwajiri wangu alishasema ruhusa ya kwenda kubahatisha ataitoa mara moja tu. Nikishindwa, nirudi kwenye "subiri daktari" mpaka nistaafu.

Tunduma tulivuka asubuhi, Lusaka tukaiona dirishani tu. Kabla ya mpaka wa Chirundu, mama mmoja anayejidunga dawa ya kisukari kila siku alianza kutetemeka na kutokwa jasho. Tangu jana yake alikuwa hajala, alihofia choo cha njiani. Kondakta akauliza kama ndani ya basi kuna daktari. Akainuka baba mmoja mtanashati, akasema yeye ni daktari, ila wa mifugo. Abiria wakampisha kwa heshima zote. Alimshika yule mama mkono, akanitazama kama anayeomba msaada, maana hakujua pa kuanzia. Nikajua sukari imemshuka, nikamnywesha mama soda kidogo kidogo mpaka akili ikamrudia, nikampa na mkate. Basi zima likampigia makofi daktari wa mifugo. Na mimi, bila hata kuona aibu, nikamwambia mama, "Mshukuru daktari."

Mpaka wa Beitbridge ulitula nusu siku. Tulifika kituo cha mabasi cha Park, Johannesburg, tukiwa tumevimba miguu, akanipokea Maman Tereza, rafiki ya dada yangu, Mkongo wa Lubumbashi. Kwao alikuwa muuguzi. Johannesburg anasuka nywele, kwa sababu vyeti vyake viko njiani kutambuliwa, na viko njiani tangu mwanawe wa mwisho hajazaliwa. Mtoto huyo sasa anamjibu mama yake kwa Kizulu.

Mtaani kwake La Rochelle, kwenye chumba chake cha saluni, niliona maajabu. Mtu anakaa asukwe, anataja maumivu yake, na kabla msuko wa kwanza haujaisha Maman Tereza ameshamwambia anaumwa nini. Mara nyingi ilikuwa presha. Kichwa, presha. Goti, presha. Mume kuchelewa kurudi, presha ya mume. Nilimwuliza kwa upole kama haogopi kukosea. Akacheka mpaka akaangusha kitana.

"Weye uko na leseni na unaogopa," alisema. "Miye sina kitu, naogopa nini?"

Siku ya usaili nilikwenda kliniki moja si mbali na hapo. Msimamizi alikuwa muuguzi mkuu, Sista Nomsa, Mzulu mwenye sauti ya chini inayokufanya ukae wima. Alinichagulia mgonjwa kutoka foleni, fundi cherehani aitwaye Bahati, Mkongo wa Uvira anayeshona mtaa wa Jeppestown, ili tuelewane kwa Kiswahili. Bahati alikohoa tangu mlangoni. Usiku alilowa jasho, na suruali aliyojishonea mwenyewe ilikuwa ikimvuka. Nikamhoji, nikamgonga mgongo, nikasikiliza kifua pande zote. Mikono yangu ilikuwa inajua njia yenyewe. Sista Nomsa akawa anatikisa kichwa kukubali, nikaanza kuona nafasi ni yangu. Kisha akaniambia nimweleze mgonjwa nilichokiona.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. "Subiri kidogo, baba. Daktari atakuja kukueleza."

Sista Nomsa akamwomba Bahati atafsiri, naye akatafsiri kwa Kizulu chake cha dukani. Sista akaweka kalamu chini.

"Daktari gani?" aliniuliza. "Humu ndani tupo watatu."

Alisema mikono yangu angeichukua leo leo, lakini yeye anatafuta mtu atakayekuwa peke yake na mgonjwa, na aseme. Nirudi kesho kuchukua majibu. Majibu nilishayaona usoni mwake. Nilitoka nikiwa na hasira na kila mwalimu aliyewahi kunifundisha adabu.

Nje, kwenye robot, yaani taa za barabarani, nikamkuta Bahati anasubiri taa ibadilike avuke. Baada ya usaili alirudi kwenye foleni, akakuta imefungwa, akaambiwa aje kesho, na kesho bosi wake hampi ruhusa. Alisema ameshakizoea kile kikohozi.

"Sista," akaniuliza, "weye ulisikia nini mu kifua yangu?"

Nikageuka nyuma, kama vile daktari anakuja. Nyuma palikuwa na kiduka cha spaza na mbwa amelala.

"Kifua chako kina dalili za TB," nikamwambia. "Inapona ukimeza dawa mpaka mwisho. Usiende nyumbani. Rudi ndani, waambie unataka kupimwa makohozi leo."

"Nani anasema?"

"Nasema mimi."

Taa ikawa kijani, watu wakavuka. Yeye akarudi kliniki.

Asubuhi Sista Nomsa alinikaribisha kiti, jambo ambalo jana hakulifanya. Makohozi ya Bahati yalikuwa na TB, na dawa ameshaanza. Alipomwuliza nani amemrudisha, akajibu ni daktari mmoja wa kike pale barabarani.

"Si daktari, Sista," nikasema. "Ni mimi, muuguzi."

"Eish, najua," akasema. "Masomo yanaanza Januari."

Nililia kwenye basi mpaka Polokwane, na sikumficha mtu.

Mbeya nilifika siku ya Jumatano, Alhamisi nikaingia kazini. Tabibu alikuwa semina. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mtoto anayehema kwa shida, mgongoni kwa mama yake. Nikampima, nikavuta pumzi, nikasema ile sentensi niliyovuka nchi tatu kuitafuta: mtoto ana nimonia, nasema mimi, muuguzi. Nikamsubiri mama ashtuke, ama aulize daktari yuko wapi.

"Haya, nesi," akasema, akimfunga mtoto vizuri. "Dawa iko wapi?"