Sufuria Yangu Iko kwa Polisi

Bwana yangu Lusenge anachomelea mapikipiki hapa Butembo, lakini tangu polisi banamuita expert, hata chai anakunywaka pole pole kama mukubwa. Madame Élise, mupelelezi, akikamata piki ya mashaka, anamutumia mutu. Lusenge anasugua rangi, anatazama namba ya shasi, anasema kama ni ya kiwanda ao ilipigwa na mukono. Halafu anasaini. Mie Jokébed, bibi yake, njo ninafua ile shati nyeupe ya kusainia.

Mwezi wa tano balimuitia piki nyekundu ya Ananie, mubebaji wa viazi wa Luofu. Tajiri mumoja alisema ni yake, iliibiwa. Ananie alikuwa na karatasi, na namba yake ilikuwa sawa na ya shasi. Lakini Lusenge alitazama dakika mbili tu.

"Namba imepigwa na mukono, ili ifanane na karatasi," akasema. "Hii karatasi haina maana."

Ananie akaingia kacho, chumba cha kufungia batu pale polisi. Kila siku saa sita Kaswera, bibi yake, alipita mbele ya mulango yetu na chakula cha bwana yake, bila kututazama. Iliniuma. Lakini nani atabishana na expert?

Siku ya tisa sufuria zangu zilirudi kutoka matanga. Huku kwetu tunaazimana sufuria, zinachanganyika na za batu, njo maana Lusenge alizipiga namba chini, moja mpaka sita. Nikauliza ya ine, ile ya 4, iko wapi. Akaishika ili anionyeshe, kisha akabaki anaiangalia chini. Ile ine iko na muguu mufupi, sababu chuma yake ya kupigia ilivunjika zamani.

"Jokébed, hii ine njo iko kwa piki ya Ananie."

Njo akanieleza. Miaka mitatu nyuma, mulinzi wa parki ya banyama alileta piki kutoka Mutwanga, imekatika shingo, pale pale penye namba. Lusenge alitia chuma mupya, akapiga namba ile ile, ili bizuizi bya njiani bisimusumbue. Basoudeur bote, bachomeleaji kama yeye, banafanyaka vile. Mulinzi aliiuzisha kwa Ananie, na bwana yangu akasahau.

"Umefunga mutu kwa kazi ya mikono yako," nikamuambia. Nilikuwa na hasira kabisa. "Kesho unaenda kusema."

"Habataniita tena."

"Basi basikuite."

Alienda kwa byuma bizee nyuma ya jikoni, bile ninapigia kelele kila siku abitupe, akachimbua kipande alichokata kwa shasi ya ile piki, na namba yake ya kiwanda. Asubuhi akavuka muji, chuma mukono moja, sufuria yangu mukono ingine. Batu balicheka.

Mbele ya Madame Élise aliweka sufuria karibu na piki: ine ya huku na ya kule ni ya chuma moja. Akaweka kipande: namba ni ile ile ya karatasi.

"Ni mimi nilipiga," akasema. "Ananie hapana mwizi."

Neno la tajiri likaanguka, na Ananie alitoka saa sita. Kaswera alikuwa angali na chakula mukononi.

"Papa Lusenge," Ananie akauliza, "ulitazama piki yangu muda gani?"

"Dakika mbili."

"Mimi nililala humo siku tisa," akasema, na akapokea sahani yake.

Madame Élise bado anamuita. Siku hizi anakawia kule akitazama namba mpaka chakula kinapoa, na ninakipasha moto tena. Sufuria imebaki kwa dosye ya polisi, kama ushahidi, na mie siiombi.