Shusha Mikono ya Trakta Kwanza

Nakumbuka siku ile, mwanangu, trakta ya ushirika wetu ilipogoma kwenye njia ya Wamaza. Mbele ilikuwa na kijiko kikubwa kilichobebwa na mikono miwili ya chuma. Tulikuwa tunafukia mashimo ili mpunga wa watu ufike Kasongo kabla mvua haijafunga barabara. Mikono ikapanda hadi usawa wa kifua, ikatetemeka, ikasimama.

Mimi nilikuwa fundi mpya, nimetoka kujifunza kazi Kindu, na kichwa changu kilijaa kuliko mkoba wangu wa vifaa. Nikawatangazia wakulima waliokuwa wakingoja njiani kwamba pompi, ile inayosukuma mafuta ya kuinua mikono, imekufa, nyingine itatoka Bukavu, labda baada ya mwezi. Akina mama waliokaa juu ya mifuko yao ya mpunga wakashika tama.

Papa Kalonda, aliyeiendesha trakta ile tangu ilipofika, akaniuliza kwa upole, "Mutoto wangu, uliangalia kwanza mafuta?"

Dereva angenifundisha nini? Wanasema ujana ni moshi. Wangu ulinifumba macho. Nikaingia chini ya mikono ile na kuanza kulegeza mpira unaopitisha mafuta hayo.

Mara nikahisi mtu amenishika mkanda wa suruali, akanivuta kinyumenyume matopeni. Mpira ukafyatuka, mafuta yakaruka, na chuma kikaanguka pale pale kilipokuwa kichwa changu. Ardhi ilitikisika.

Ni Papa Kalonda aliyenivuta, wala hakunifokea. Alinipeleka nyuma ya trakta, watu wasisikie.

"Ile chuma inashikwa na mafuta tu," akasema. "Mafuta ikitoka, hakuna kitu kinaishika. Mama yako angeniuliza, ningemujibu nini?"

Nikalia, mwanangu, sikufichi.

Tulipokwisha kuurudisha mpira mahali pake, akafungua tanki. Mafuta yalikuwa yamepungua, tena meupe kwa povu, kama maji ya sabuni. Tukaufuata mpira unaonyonya mafuta kuyapeleka kwenye pompi, tukakuta pete ya chuma inayoubana imelegea. Pompi ilikuwa nzima. Ilikuwa inavuta hewa tu. Tukakaza pete, tukajaza mafuta, tukainua na kushusha mikono polepole, mara nyingi, mpaka ikaacha kutetemeka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi nilitaka kuwajengea watu ukuta wa mwezi mzima.

Wakulima walipouliza nani ametengeneza, Papa Kalonda alininyooshea kidole. "Ni fundi wetu," akasema. Kisha akanikatia nusu ya muhogo wake, tukala. Kofi lisingenifundisha hivyo.

Basi, mwanangu, mashine ya namna hii ikikugomea, shusha mikono yake mpaka chini kabla hujaigusa. Isiposhuka, itegemeze imara, wala usiingie chini yake kwa kuamini mafuta. Anza na yaliyo mepesi: tazama tanki, papasa pete, kagua mipira mikono ikiwa imelala chini. Muulize anayeiendesha kila siku, maana kuuliza si ujinga. Na mwenzako akikosea, mwokoe kwanza. Maneno utamwambia baadaye, mkiwa wawili.

Mungu akulindie macho na vidole vyako, akupe kazi isiyokuaibisha, na kila jioni akurudishe kwa watu wako ukiwa mzima.