Shemeji aliamini baridi ya Iringa inatosha kupandisha voltage, graphics card yangu ikalipuka

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa bado na hasira, ila hakuna chumvi niliyoongeza hapa.

Mimi na-edit video hapa Iringa mjini. Harusi, kipaimara, kwaya. Safari hii nilikuwa na kazi ya albamu ya video ya kwaya moja ya Kilutheri upande wa Kalenga. Uzinduzi Jumapili, mgeni rasmi kashaalikwa.

Kwenye hiyo video kuna dada anaitwa Tumaini, aliongoza wimbo mmoja. Tulimrekodi akiwa mzima kabisa, akafariki kabla kazi haijaisha. Mama yake anaishi Idodi, na alishatuma ujumbe kwamba anakuja kumwona mwanae akiimba.

Mjue nilikuwa na presha ya namna gani.

Ijumaa akaja shemeji yangu Ambwene kutoka Mbeya, mume wa dada yangu. Jamaa ni mtu wa games, na kompyuta yoyote akiiona lazima aiguse. Akakuta na-render, yaani graphics card inaunganisha video iwe faili la mwisho, akaangalia asilimia zinavyojivuta, akacheka.

"Shem, hii card unaidekeza. Niipandishie voltage kidogo ikimbie."

Nikamwambia acha. Ni card ya mtumba, ya bei chee, iache ijikokote hivyo hivyo.

"Wanaoogopa ni watu wa Dar, wana joto. Sisi huku tuna baridi ya bure, mnaiacha tu inapotea!"

Nikatoka kwenda kufuata mabango ya uzinduzi. Narudi, dirisha liko wazi, kompyuta imesogezwa pale upepo unapoingia, na mwenyewe amevaa koti langu anatabasamu. Hilo koti ndilo lililoniudhi zaidi, sijui kwa nini.

"Ona shem, nimepandisha, na joto liko chini kuliko mwanzo!"

Na kweli lilikuwa chini. Hapo ndipo wengi wanapopigwa, wakuu.

Lile joto tulilokuwa tunalisoma ni la chip, ambayo ina feni yake. Pembeni kuna sakiti inayoshusha umeme wa power supply kabla haujafika kwenye chip. Kwenye card yangu sakiti hiyo ilikuwa dhaifu, haina heatsink ya kuipoza, haina hata kipimo cha joto. Ukipandisha voltage, yenyewe ndiyo inabeba mzigo. Inaungua kimya kimya huku screen inakusifia.

Kabla sijamjibu tukasikia paa! Screen nyeusi, chumba kizima harufu ya kuungua.

Fundi alipofungua akakuta mosfet, vile vipande vya ile sakiti vinavyoshusha umeme, zimepasuka, na umeme umepita mzima mzima mpaka kwenye chip. Hakuna cha kutengeneza.

"Pole shem, labda ilikuwa na ugonjwa wake."

Ugonjwa wake!

Nikahamishia kazi kwenye laptop ya mke wangu, ambayo haina graphics card ya maana. Kwa mwendo wake, mpaka Jumapili ingemaliza wimbo mmoja tu. Mwenyekiti wa kwaya akataka uwe ule wenye jina la albamu, kwa ajili ya mgeni rasmi. Nikakataa, tukazozana mpaka akakata simu.

Nika-render wimbo wa Tumaini.

Jumapili ukaonyeshwa kanisani. Mama yake akainuka, akasogea mpaka mbele, akaweka mkono kwenye kitambaa cha projekta pale uso wa mwanae ulipo. Picha ikawa inamwangukia mgongoni. Hakuna aliyethubutu kumwambia anaziba.

Ulipoisha akageuka, akasema, "Rudieni, wanangu."

Tukarudia. Mgeni rasmi hakuuliza nyimbo nyingine ziko wapi, na mwenyekiti alikuwa anajifuta macho.

Ningemaliza siku kwa amani. Ila shemeji, naye machozi yanamtoka, akaninong'oneza: "Shem, hata hii laptop ingepandishwa kidogo, si tungepata na wa pili?"

Nikatoka nje nikapigwe na hiyo baridi yake.

Nilichojifunza: card ya bei chee usiiguse voltage hata kama unaishi kwenye friji. Joto la chip siyo joto la card nzima. Na kompyuta ya kazi iwe na password.

Aliyewahi kuunguza card kwa staili hii aje tulie pamoja. Na mwenye shemeji wa namna hii anielekeze anaishije naye, maana Krismasi anakuja tena, na ameshauliza card mpya nimeweka ya aina gani.